Dirisha wazi wakati wa theluji: namna majengo ya zamani ya Ulaya yalivyopata robine ya joto

Katika miaka ya 1980, mtu aliyepita jioni ya mwezi wa kwanza katika mtaa wa Marzahn, mashariki mwa mji wa Berlin, aliona jambo ambalo mgeni hakulielewa haraka. Nje kulikuwa theluji, na baridi imeshuka chini ya sifuri. Lakini kwenye majengo marefu ya saruji, yenye etaji kumi na moja, madirisha mengi yalikuwa wazi. Ndani, watu walikaa na shati za mikono mifupi.

Hawakuwa na wazimu. Kila chumba kilikuwa na radiatere, yaani lile sanduku la chuma lililofungwa ukutani ambamo maji ya moto yanapita ili kupasha nyumba joto. Maji hayo yalitoka mbali, kwenye kituo kikubwa kilichochoma makaa ya mawe, yakafika nyumbani kwa mabomba. Kitu kimoja tu kilikosekana: robine ya kupunguza. Mkaaji akisikia joto kupita kiasi, hakuwa na pa kufunga. Alifungua dirisha.

Habari ya robine hiyo, na ya miaka mingi iliyopita mpaka ikafika kwenye radiatere ya mtu wa kawaida, inagusa jamaa wengi wa Kongo leo hii. Mwaka wa 2016 Wakongomani ndio walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wengine wako Brussels, Paris, Montréal. Mtu aliyetoka Uvira, Fizi ao Rutshuru, akapita miaka kambini Nyarugusu ao Kakuma, anaingia kwenye jengo la zamani lenye shofaji, na baada ya miezi anapata fakture ambayo hajui imetoka wapi. Hata aliyezaliwa Lubero, kwenye baridi ya milima, alizoea moto wa kuni ao wa makala: unauona, na ukizimika unajua umezimika. Gunia la makala linaonekana likipungua. Maji yanayopita ndani ya ukuta hayaonekani.

Kwanza vifaranga, kisha watu

Wa kwanza kupata joto la maji lililopimwa vizuri hawakuwa watu. Walikuwa kuku.

Yai la kuku linahitaji karibu digrii 37 ao 38 kwa siku 21. Likipata joto kubwa sana, kifaranga anakufa. Likipoa, anakufa vile vile. Mama kuku anajua kazi hiyo bila kufundishwa, lakini mtu anayetaka kuangua mayai mamia kwa wakati mmoja hawezi kukaa usiku mzima akipima moto kwa mkono. Katika miaka ya 1620, Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyekuwa akiishi Uingereza, alitengeneza tanuru lililojiongoza lenyewe. Ndani yake aliweka pombe kali na zebaki. Joto likipanda, pombe inatanuka, inasukuma zebaki, na zebaki inainua kitu kinachofunga mlango wa hewa. Moto ukikosa hewa unapungua. Ukipungua, mlango unafunguka tena.

Mwaka wa 1777, karibu na Paris, Mfaransa Bonnemain alichukua wazo hilo akaliunganisha na maji. Aliweka tanuru dogo chini, akapandisha maji ya moto kwa mabomba mpaka kwenye chumba cha mayai, kisha maji yaliyopoa yakarudi chini yenyewe. Hakuhitaji mashine ya kuyasukuma. Mama yeyote aliyepika bugali amekwisha kuona sababu yake: maji ya chini ya sufuria yakipata moto yanapanda juu, na yale ya juu yanashuka. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, ndiyo sababu mabomba yakipangwa vizuri maji yanazunguka peke yake.

Kisha akaweka kiongozi cha moto. Kilikuwa fimbo ya chuma ndani ya bomba la risasi. Risasi ikipata joto inarefuka zaidi kuliko chuma. Tofauti hiyo ndogo, ambayo jicho haliwezi kuiona vizuri, aliikuza kwa mtaimbo mdogo mpaka ikatosha kusogeza kifuniko cha hewa ya tanuru. Kila sehemu ya shofaji ya kisasa ilikuwa tayari pale, kwenye nyumba ya vifaranga: maji yanayozunguka, chombo kinachosikia joto, na mlango unaofunga moto. Watu walingoja zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla ya kupata kitu kama hicho kwenye vyumba vyao vya kulala.

Karne ya mabomba

Karne ya 19 ilileta mabomba mengi na akili kidogo. Huko London, mwaka wa 1831, Mmarekani Angier March Perkins alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa mabomba membamba yenye maji ya moto sana, chini ya mgandamizo mkubwa. Katika miaka ya 1850, Franz San Galli, mwenye kiwanda mjini Saint Petersburg katika Urusi, alianza kutengeneza radiatere za chuma. Mji huo una baridi kali, na radiatere zilipata soko. Kutoka pale na kwingineko zilienea katika shule, hospitali, makanisa, na nyumba za matajiri.

Lakini nani aliamua joto liwe kiasi gani? Mtu wa tanuru. Yeye alikaa chini ya jengo na koleo lake, akiangalia hewa ya nje asubuhi na kukisia. Kama alikisia vibaya, etaji ya juu walitoka jasho na walio mwishoni mwa bomba walivaa makoti. Tena kosa lake lilichelewa kuonekana: mabomba ya siku hizo yalikuwa manene, yamejaa maji mengi, na maji mengi yakipata moto hayapoi upesi. Moto uliowashwa alfajiri kwa ajili ya baridi uliendelea kupasha jengo saa nane mchana, jua limekwisha kutoka.

Vyombo vya kusikia joto vilikuwapo. Mwaka wa 1830 Andrew Ure, mwanakemia wa Scotland, alitengeneza utepe wa vyuma viwili vilivyoshikamana. Kimoja kikirefuka zaidi ya kingine, utepe wote unapinda. Aliuita termosta, na aliufikiria kwa ajili ya viwanda. Jina lilibaki, utepe ukasahauliwa kwa muda.

Aliyeurudisha mazungumzoni alikuwa mwalimu. Warren Johnson alifundisha katika chuo cha walimu cha Whitewater, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Wisconsin ni mahali ambapo baridi haina huruma. Kila mara wakati wa masomo, mfanyakazi wa jengo aligonga mlango, akaingia darasani, akasoma kipimajoto ukutani, akatoka, akaenda darasa lingine, kisha akashuka chini kwenye tanuru kufungua ao kufunga hewa. Mwalimu anakatizwa, wanafunzi wanageuza vichwa. Johnson alichoka na jambo hilo. Mwaka wa 1883 alipata hati kwa chombo cha umeme ambacho, joto la darasa likibadilika, kilipiga kengele chini kwa mtu wa tanuru. Bado mtu ndiye aliyesogeza mlango wa hewa, lakini hakulazimika tena kupanda ngazi. Miaka miwili baadaye alifungua kampuni yake mjini Milwaukee. Mwaka huohuo wa 1885, mjini Minneapolis, mhamiaji kutoka Uswisi aitwaye Albert Butz alitengeneza chombo kilichofanya kazi yote: termosta ya chumbani inaamuru, na mota ndogo inainua ao inashusha kifuniko cha tanuru. Kampuni iliyotokana na kazi yake ndiyo ilikuja kuitwa Honeywell.

Hayo yote yaliongoza tanuru. Hayakuongoza chumba. Jengo la familia arobaini lenye termosta moja linafuata chumba kimoja, kile chenye termosta. Wengine wote wanapata joto la mwenzao.

Mwaka wa 1928, mjini Dortmund, Mjerumani Wilhelm Opländer alitengeneza pampu ndogo ya kufungwa ndani ya bomba ili kusukuma maji ya shofaji. Kutoka hapo maji hayakuhitaji tena kupanda peke yake, mabomba yakawa membamba, na radiatere zikaweza kuwekwa mahali popote.

Robine inayosikia

Kipande kilichokosekana kilitoka kisiwa cha Als, kusini mwa Denmark. Mads Clausen, mtoto wa mkulima, alianza mwaka wa 1933 kampuni yake katika nyumba ya wazazi wake, akitengeneza vyombo vya mashine za kupoza vyakula. Ndiyo iliyoitwa baadaye Danfoss. Wakati wa vita ya pili ya dunia, makaa na mafuta yalikuwa adimu, naye alifikiria robine ya radiatere ambayo haihitaji umeme wala mtu wa kuizungusha. Mwaka wa 1952 robine hizo zilianza kuuzwa.

Namna inavyofanya kazi ni nyepesi kueleza. Kichwa cha robine, kile chenye namba kutoka 1 hadi 5, kina ndani yake nta, kimiminika ao gesi. Hewa ya chumba ikipata joto, kitu hicho kinatanuka na kusukuma sindano. Sindano inafunga njia ya maji. Chumba kikipoa, kitu kinanywea, springi inarudisha sindano, maji yanapita tena. Ni ile fimbo ya Bonnemain, imefupishwa mpaka inaenea kiganjani, na sasa kila chumba kina yake. Jua likiingia dirishani, robine inafunga. Watu kumi wakija kwa matanga ao kwa sala, miili yao inapasha chumba, na robine inafunga.

Wadenmark waliinunua. Wengine wengi hawakuona faida. Katika miaka ya 1960 mafuta ya shofaji yalikuwa rahisi, na kufungua dirisha hakukugharimu kitu cha kuhesabu.

Kisha ikafika mwezi wa kumi wa 1973. Vita kati ya Israeli na inchi za Kiarabu ilisababisha inchi zenye mafuta kupunguza mauzo na kupandisha bei. Pipa lililouzwa karibu dola 3 lilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Katika Ujerumani ya Magharibi serikali ilikataza magari kutembea kwa siku nne za Jumapili, kuanzia tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1973, na watu walitembea kwa mguu kwenye barabara kubwa za lami. Picha za barabara tupu ndizo zinazokumbukwa. Kazi iliyodumu zaidi ilifanyika ndani ya nyumba. Mwaka wa 1976 bunge lilipitisha sheria ya kuokoa nishati. Mwaka wa 1978 ikafuata amri juu ya vyombo vya shofaji: jengo jipya lazima liwe na chombo cha kuongoza joto la maji kufuatana na baridi ya nje, tena na robine inayojiongoza katika vyumba.

Hicho cha kufuata baridi ya nje kinastahili neno moja. Kipimajoto kidogo kinafungwa kwenye ukuta wa nje, mara nyingi upande wa kaskazini ambako jua haliwezi kukidanganya. Nje kukiwa digrii 10, maji ya digrii 45 yanaweza kutosha kwa radiatere. Nje kukishuka chini ya sifuri, chombo kinaamuru maji ya digrii 60 ao 70. Ni kazi ileile ya mtu wa tanuru aliyetazama mbingu asubuhi, isipokuwa chombo kinatazama kila dakika na hakilewi. Kwa jengo la zamani, mara nyingi hilo ndilo badiliko linaloleta faida ya kwanza, kwa sababu halihitaji kubomoa ukuta wala kubadilisha bomba hata moja.

Nani analipa?

Robine peke yake haikutosha. Mtu aliyelipa umeme kwa forfe mjini Goma ao Bukavu anajua: ukilipa kiasi kilekile kila mwezi, taa inawaka mchana na hakuna anayeinuka kuizima. Ilipokuja mita ya kulipa kwanza, vidole vilijifunza njia ya kuendea kizima-taa.

Wajerumani wa Magharibi walifika hapo mwaka wa 1981. Amri iliyoanza tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka huo ilisema kwamba katika jengo la wapangaji wengi, gharama ya shofaji haigawanywi tena sawasawa. Nusu ya gharama kwa uchache, na asilimia 70 kwa wingi, igawanywe kufuatana na matumizi ya kila nyumba. Iliyobaki igawanywe kufuatana na ukubwa wa nyumba.

Mtu atauliza: kwa nini si asilimia 100? Jibu liko ndani ya ukuta. Familia inayoishi katikati ya jengo, yenye majirani juu, chini, kushoto na kulia, inapata joto la majirani bure. Inaweza kufunga radiatere zote na bado isigande. Familia ya pembeni, chini ya paa, ina baridi pande tatu, na itatumia mara nyingi zaidi ili kupata digrii zilezile. Kama kila mmoja angelipa kwa kipimo tu, mzee wa pembeni angelipia ujenzi mbaya ambao hakuujenga yeye. Watunga amri walichagua katikati, na mpaka leo wapangaji wanagombana juu ya katikati hiyo.

Kipimo chenyewe kilikuwa kitu cha kushangaza kwa urahisi wake. Kwenye radiatere kilifungwa kichupa chembamba chenye kimiminika. Radiatere ikiwa na moto, kimiminika kinapungua kama mvuke. Mwisho wa mwaka mtu wa kampuni anakuja, anasoma kiasi kilichopotea, anaweka kichupa kipya. Hakipimi joto kwa kweli, kinalinganisha tu nani alitumia zaidi ya mwenzake. Wako waliojaribu kukifunika kwa kitambaa chenye maji baridi ili kipungue polepole. Vya siku hizi ni vya umeme, vinalinganisha joto la radiatere na la chumba, na vinatuma namba zao kwa redio bila mtu kubisha hodi.

Upande wa pili wa ukuta

Sasa turudi Marzahn. Ujerumani ya Mashariki iliamua katika miaka ya 1970 kumaliza shida ya nyumba kabla ya 1990, na ilijenga kwa haraka, kwa vipande vikubwa vya saruji vilivyotengenezwa kiwandani na kuinuliwa kwa mashine. Marzahn ilianza kujengwa mwaka wa 1977. Kwa familia iliyotoka kwenye nyumba ya zamani yenye choo cha pamoja kwenye ngazi na jiko la makaa la kubebewa ndoo, maji ya moto kwenye robine na joto ukutani ilikuwa baraka kweli, na ni makosa kucheka majengo hayo bila kukumbuka jambo hilo. Kodi ilikuwa ndogo, na joto lililipwa kwa kiasi kimoja kisichobadilika.

Ili kujenga haraka na kuokoa chuma, nyumba nyingi zilipewa bomba moja tu. Maji yanaingia kwenye radiatere ya kwanza, yanatoka, yanaingia ya pili, na kuendelea. Ya kwanza inapata maji ya moto, ya mwisho inapata mabaki. Ili yule wa mwisho asigande, kituo kinatuma maji ya moto zaidi, na wa kwanza anachomeka. Tena kama njia ni hiyo moja bila njia ya pembeni, mtu wa kwanza akifunga robine amewafungia na wenzake wote wanaomfuata. Kwa hiyo hakupewa robine. Dirisha halikumdhuru jirani.

Lilidhuru mgodi. Ujerumani ya Mashariki haikuwa na mafuta, ilikuwa na makaa ya mawe laini ya rangi ya kahawia, yenye maji karibu nusu ya uzito wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilichimba karibu tani milioni 300 kwa mwaka, na hakuna inchi nyingine duniani iliyochimba zaidi. Vijiji vilihamishwa ili kupisha mashimo. Familia zilizohamishwa kwa ajili ya makaa zilipangishwa mara nyingi katika majengo yaleyale ambayo madirisha yake yalitupa joto la makaa hayo nje.

Usiku wa kuamkia 1979 jambo hilo lilionekana wazi. Kwa saa chache hewa ilishuka kutoka juu ya sifuri mpaka karibu digrii 20 chini yake. Makaa yenye maji yaliganda migodini na ndani ya mabehewa, yakawa jiwe. Umeme ulikatika, wanajeshi walipelekwa migodini kuvunja barafu, na vituo vya joto vilipungukiwa. Wakaaji wa majengo mapya, ambao jana yake walifungua madirisha, hawakuwa na jiko la akiba. Wale wa nyumba za zamani wenye jiko la makaa walibaki na moto wao.

Kazi ya miaka ya 1990

Ujerumani ilipoungana mwezi wa kumi 1990, amri ya kugawanya gharama iliingia mashariki kuanzia 1991. Wenye majengo walipewa mpaka mwisho wa 1995 kuweka vyombo katika nyumba zote. Mafundi waliingia mlango kwa mlango. Pale palipokuwa bomba moja, walichonga njia ya pembeni chini ya kila radiatere, ili sehemu ya maji ipite bila kuingia, kisha wakaweka robine ya kujiongoza. Mtu wa kwanza akaweza kufunga bila kumkosesha wa mwisho. Chini ya majengo waliweka vyombo vya kufuata baridi ya nje na pampu mpya. Baadaye, katika majengo mengi, zikaja kuta zenye koti la kuzuia baridi na madirisha mapya.

Haikwenda vizuri kila mahali. Robine mia zikifunga kwa pamoja mchana wa jua, pampu ya zamani inaendelea kusukuma kwa nguvu ileile, na maji yanapiga filimbi ndani ya mabomba usiku kucha. Ilibidi kupima mtiririko wa kila bomba la kupanda juu na kuubana, ili radiatere iliyo karibu na pampu isinywe maji ya wote. Ni kazi ya kuchosha, ya namba na bisibisi, isiyoonekana, na ndiyo sababu iliachwa bila kufanywa katika majengo mengi kwa miaka. Mwenye jengo anapenda kununua tanuru jipya linaloonekana. Hapendi kumlipa fundi siku tatu ili azungushe skrubu.

Kwa mkaaji, mambo mawili yalifika pamoja. Joto alilolizoea kama haki likawa bidhaa yenye namba, na kodi ilianza kupanda mwaka huohuo wa 1991, wakati viwanda vilikuwa vinafungwa na wengi kupoteza kazi. Sheria ya Ujerumani iliruhusu mwenye nyumba kuongeza kila mwaka kwenye kodi asilimia 11 ya feza alizotumia kuboresha jengo. Tangu 2019 ni asilimia 8. Mpangaji aliyeokoa kwenye shofaji aliweza kukuta akiba yake imeliwa na kodi.

Mwaka wa 2022 vita ya Urusi katika Ukraine ilikata gesi, na Ujerumani ilirudi kwenye ile skrubu. Amri iliyoanza tarehe 1 mwezi wa kumi ililazimisha majengo makubwa yenye shofaji ya gesi kufanyiwa upimaji huo wa mtiririko. Ofisi za serikali ziliamriwa kutopita digrii 19.

Katika nyumba za jamaa walio mbali

Umoja wa Ulaya ulitoa mwaka wa 2012 agizo la kuweka vipimo vya nyumba kwa nyumba katika majengo ya wapangaji wengi mpaka mwisho wa 2016, pale panapowezekana na penye faida. Ndiyo sababu familia ya Kikongomani inayohamia jengo la zamani karibu na Matonge, mjini Brussels, inaweza kukuta kijisanduku cheupe kwenye radiatere na kudhani ni cha kuwasha. Si cha kuwasha. Kinahesabu.

Kuna kosa ambalo wengi hulifanya. Mtu anarudi kutoka kazi ya usiku, nyumba ni baridi, anazungusha robine mpaka 5 ili joto lije haraka. Haliji haraka zaidi. Namba 3 kwa kawaida ni karibu digrii 20, na namba 5 inamaanisha tu kwamba robine haitafunga mpaka chumba kifike karibu digrii 28. Radiatere inapata moto kwa mwendo uleule. Pazia zito lililofunika kichwa cha robine nalo linaidanganya: kichwa kinasikia joto lililofungiwa nyuma ya kitambaa, kinafunga, na watoto wanabaki na baridi katikati ya chumba. Mafundi wa Ujerumani wanahesabu kwamba digrii moja chini ni karibu asilimia 6 ya gharama.

Walio Marekani wanaweza kukuta hali nyingine. Majengo mengi ya zamani ya New York hayatumii maji, yanatumia mvuke, na radiatere yenye bomba moja la mvuke inawashwa ao inazimwa tu. Sheria ya mji inamlazimisha mwenye jengo kutoa joto kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi mpaka tarehe 31 mwezi wa tano. Mchana, nje kukiwa chini ya digrii 13, ndani pawe angalau 20. Usiku pawe karibu 17. Joto likipungua chini ya hapo, mpangaji anaweza kupiga simu namba 311 na mji unatuma mkaguzi. Likizidi, sheria hiyo haina neno, na katika miezi ya baridi mtu anayepita chini ya majengo hayo usiku bado anaona madirisha wazi.